Mpeni Mtoto Unga

Wazazi wasio Wachina wakitaka kuwaonjesha watoto wao Mwaka Mpya wa Kichina, kwa kawaida huwapeleka kutazama. Wanamtazama simba wa kitambaa akirukaruka mbele ya duka, wanamtazama dragoni akizungushwa uwanjani na vijana waliovaa nyekundu, wanapiga picha, wananunua kandili ya plastiki na kurudi nyumbani. Watoto hufurahi, sikatai. Lakini familia yangu imeishi Tianjin, mji mkubwa wa bandari ulio kama nusu saa kwa treni ya kasi kutoka Beijing, na niliyoyaona katika jengo letu la ghorofa yamenipa msimamo ambao leo nataka kuutetea: mtoto mdogo aliyepelekwa kutazama tu bado hajaionja sikukuu hii. Wachina waliijenga ili mtoto aishike. Wamemwekea kazi za kimo chake, nyingine za dakika tano, nyingine za wiki tatu, na ni kazi hizo zinazoifanya iwe yake.

Nianze na kalenda, maana msomaji wa pwani ataielewa upesi. Mwezi wa Kichina hufuata mwandamo wa mwezi, kama wa Kiislamu, na kwa hiyo tarehe 15 huwa ni mbalamwezi au karibu sana nayo. Tofauti ni mbili. Wao hawatoki ufukweni kuutafuta mwezi kwa macho. Wataalamu wa falaki hupiga hesabu miaka kabla. Tena, kwa kuwa miezi 12 ya mwandamo hupungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11, wao huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19 ili sikukuu isihame majira. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima, masika na kiangazi, ilhali Mwaka Mpya wa Kichina hubaki kati ya Januari 21 na Februari 20, baridi ikianza kulegea. Kuna miaka ambayo kalenda hizi mbili hupeana mkono: mwaka 2026 mwandamo mmoja ulifungua Mwaka wa Farasi Februari 17, kisha Ramadhani siku moja au mbili baadaye. Binti yangu alikuwa amezoea kumsikia bibi yake wa Tanga akiuliza kwa simu kama mwezi umeonekana, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza mengi.

Sikukuu huanza kunukia tarehe 8 ya mwezi wa kumi na mbili. Siku hiyo hupikwa uji mzito wa nafaka na kunde zilizochanganywa: mchele, mtama, maharage mekundu, karanga, kunazi kavu. Mtoto huchambua. Siku hiyo hiyo, katika nyumba za kaskazini, humenywa vitunguu saumu, vikatiwa katika chupa ya siki na kufunikwa. Vikikaa mahali pa baridi, vitunguu vile hugeuka rangi kidogo kidogo, na ukifika mkesha wa mwaka mpya vimekuwa kijani kibichi, utadhani vimetiwa rangi. Bibi jirani yetu, ambaye watoto wangu walimwita Nainai kama watoto wa huko wanavyowaita bibi zao, alimpa binti yangu kisahani na vitunguu vyake amenye mwenyewe, kisha chupa yake mwenyewe ya kupeleka nyumbani. Tangu hapo kila asubuhi kabla ya shule alikwenda kuikagua kwenye kibaraza chenye baridi. Siku za kwanza hakuna kitu. Halafu ncha ya kitunguu kimoja ikaanza kuwa na kijani, na nyumba nzima tukaamshwa.

Nimefikiri sana kuhusu chupa ile. Mtoto wa miaka sita hawezi kuelewa maana ya mwaka kuisha. Ukimwambia zimebaki siku 20 humsaidii kitu. Lakini kitu kinachobadilika mbele ya macho yake, ambacho alikianzisha kwa vidole vyake na ambacho hakiwezi kuharakishwa, humfundisha kungoja kwa namna ambayo hotuba ya mzazi haiwezi. Na siku ya kula ikifika, kile kitunguu chachu kinaliwa pamoja na chakula chenyewe cha sikukuu. Mtoto anaketi mezani akiwa mmoja wa wapishi.

Tarehe 23, kwa watu wa kaskazini, ni siku ya kumuaga Mungu wa Jikoni. Kwa mujibu wa imani ya zamani, picha yake hukaa juu ya jiko mwaka mzima akiona na kusikia kila kitu, kisha hupanda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba. Basi hupewa peremende ya kimea inayonata, ili midomo yake iwe mitamu au ishikane kabisa. Familia nyingi za mjini hazina tena picha hiyo, lakini peremende bado huuzwa kila mahali, na wanaozila ni watoto. Kisha huja kazi ya kusafisha nyumba, na baada yake kazi ya kupamba. Tianjin ina bahati yake hapa. Kitongoji chake cha Yangliuqing kimekuwa kikichapa picha za mwaka mpya kwa vibao vya mbao kwa karne kadhaa, na picha inayopendwa kuliko zote ni ya mtoto mnene, mwenye mashavu mekundu, aliyekumbatia samaki mkubwa katikati ya mayungiyungi. Mtoto wangu wa pili, aliyekuwa na miaka mitatu, aliiona picha hiyo katika Mtaa wa Utamaduni wa Kale akasema kwa uhakika kabisa kwamba ni yeye. Tuliinunua, pamoja na karatasi nyekundu zilizokatwa kwa nakshi ambazo watu wa Tianjin huzibandika juu ya milango na madirisha zikapepea. Kuzibandika kulikuwa kazi yake. Alizibandika pale mkono wake ulipofika, yaani karibu na sakafu, na hakuna aliyezihamisha.

Sasa nifike jikoni, kwa sababu hapo ndipo penye moyo wa jambo lote. Usiku wa mkesha, kaskazini mwa China, ni usiku wa jiaozi: vijichapati vyembamba vya unga wa ngano vinavyojazwa, vikafungwa kwa kubanwa kingo na kuchemshwa. Ukiwahi kukaa na mama zako kufunga sambusa za futari, unaijua hali yake: meza moja, mikono mingi, maneno mengi. Mmoja anakanda unga, mmoja anaukata vipande, mmoja anasukuma kwa kijiti kifupi huku mkono wa pili ukizungusha, na wengine wanajaza na kubana. Katika mpango huo kuna nafasi moja ambayo tangu zamani hupewa mtoto. Kila kipande cha unga kilichokatwa lazima kibonyezwe kwa kiganja kiwe bapa kabla hakijasukumwa. Kazi hiyo haihitaji ustadi, haina kisu, haina moto, na bila yake msukumaji hasogei. Mtoto wa miaka mitatu anaiweza. Nilimwona mwanangu amesimama juu ya kigoda, amepakaa unga hadi kwenye nyusi, akibonyeza na kubonyeza, na watu wazima wanne wanamngoja.

Ambaye ameshavuka umri huo hufundishwa kujaza. Za kwanza huwa vilema. Hupasuka, hulala ubavu, hutoa kila kitu majini. Katika nyumba zote nilizoingia sikuona jiaozi ya mtoto ikitupwa au ikifungwa upya kwa siri. Zilitumbukizwa sufuriani pamoja na nyingine, zikapakuliwa na kuliwa, na babu fulani daima alijitokeza kusema kwamba hiyo iliyopasuka ndiyo tamu zaidi. Kati ya mamia ya jiaozi moja huwa imefichwa sarafu, na atakayeing'ata atakuwa na mwaka wa heri. Wengi siku hizi huweka karanga au kunazi badala ya sarafu, kwa ajili ya usafi na kwa ajili ya meno. Nawaunga mkono. Nawashauri pia wazazi wageni wawe waangalifu na vyakula vya mchele wa kunata, kama vile keki za mwaka mpya na vitufe vya Sikukuu ya Taa, ile ya siku ya 15: mtoto mdogo anaweza kukabwa, na ufuta ulio ndani ya vitufe huwa wa moto muda mrefu baada ya ganda kupoa. Kata vipande vidogo, ngoja vipoe, kaa naye.

Wasomaji Waislamu watakuwa wameshaniuliza kimoyomoyo kuhusu nguruwe. Ni kweli kwamba nyama ndani ya jiaozi mara nyingi ni ya nguruwe. Lakini Tianjin ina jamii kubwa ya Waislamu wa kabila la Hui, wenye misikiti, mabucha na migahawa yao, na jiaozi za kondoo au ng'ombe si shida kuzipata. Zaidi ya hayo, watu wa Tianjin wana desturi yao ya kula jiaozi zisizo na nyama usiku ule mwaka unapogeuka, ili mwaka uwe safi na mtulivu: ndani huwa na chipukizi za choroko, giligilani, tofu ya kuchacha na ufuta wa kusaga. Nainai alipojua hatuli nguruwe, alinunua sufuria mpya kwa ajili yetu na akaniita nije niione ikitolewa kwenye boksi. Mama yule hakuwa msomi wa mambo ya dini za watu. Alikuwa mwenyeji, na alijua mgeni hulishwa chakula anachoweza kula.

Swali zito zaidi aliliuliza mama yangu kwa simu kutoka Tanga, baada ya wajukuu kumaliza shikamoo zao na kuanza kumsimulia habari za Mungu wa Jikoni. "Mwanangu, hao watoto unawaingiza kwenye nini?" Ni swali la haki na halipaswi kuchekwa. Katika sikukuu hizi yapo mambo ya ibada: ubani kwa mababu, sadaka kwa miungu ya nyumbani, na mwenye dini yake ana haki ya kukaa kando. Nilimjibu kwamba sisi hatuwashi ubani na hatusujudu, na hakuna aliyetutaka tufanye hivyo. Tunabonyeza unga, tunabandika karatasi, tunawaamkia wakubwa, tunakula. Wachina wengi wenyewe husherehekea hivyo hivyo. UNESCO ilipoiingiza sikukuu hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwezi Desemba 2024, ilichoandika ni desturi za kijamii za kuupokea mwaka mpya wa jadi. Mzazi makini anaweza kuchagua. Nadhani mtoto anayefundishwa wazi kwamba hili ni letu, hili ni la jirani na tunaliheshimu, hukua imara kuliko yule anayefungiwa ndani mlango wa jirani unaponukia.

Na kuna mengi ambayo mtoto wa Kiswahili anayatambua mara moja. Asubuhi ya siku ya kwanza watoto huvaa nguo mpya na kupita kwa wakubwa, wa nyumbani kwanza, kisha wa ukoo, kisha majirani. Wanaamkia kwa maneno ya heri ya mwaka, wengine kwa kuinama, na wakubwa huwapa bahasha nyekundu yenye fedha. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja akipita nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi hana haja ya kuelezwa furaha ile. Hata kiasi cha fedha hakikuwa na maana kwa wanangu. Maana ilikuwa katika kuamkia sawasawa, na mkubwa kusimama, kukutazama na kukujibu. Mwanangu aliwapa wazee wa jengo letu salamu ya Kichina na shikamoo kwa pamoja, na wazee wale wakajifunza kuitikia marahaba.

Bahasha hiyo ina hadithi yake, na kwa watoto wadogo ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko ile ya Nian, zimwi linaloogopa rangi nyekundu, moto na kelele. Husimuliwa kwamba zamani palikuwa na pepo aitwaye Sui, aliyekuja usiku wa mkesha kuwagusa watoto vichwani walipolala, na aliyeguswa aliamka na homa. Wazazi wa mtoto mmoja walikesha wakicheza naye kwa sarafu nane na karatasi nyekundu, wakizifunga na kuzifungua hadi mtoto akapitiwa na usingizi, sarafu zikiwa karibu na mto. Pepo aliponyoosha mkono, sarafu zilimulika, akakimbia. Ndiyo maana bahasha huwekwa chini ya mto usiku ule. Watoto nao hujaribu kukesha, kwa sababu wameambiwa kukesha kwao huwaongezea wazazi umri. Wangu walishindwa, wakalala kwenye sofa mbele ya televisheni ikionyesha tamasha kubwa la mkesha, lile linalorushwa na televisheni ya taifa kila mwaka tangu 1983. Kwa maoni yangu tamasha hilo ndilo jambo dogo kuliko yote ya usiku ule. Linahitaji macho tu.

Siku zinazofuata nitazipita upesi. Siku ya kwanza haifagiliwi, bahati isije ikatolewa nje na vumbi. Chombo kikivunjika mkubwa hutamka neno la heri badala ya kufoka, na mtoto hakaripiwi kama siku nyingine. Siku ya pili mabinti walioolewa huenda kwa wazazi wao na watoto mgongoni. Tianjin huwa na mpangilio wa chakula: jiaozi siku ya kwanza, tambi siku ya pili, vichapati vilivyojazwa siku ya tatu. Siku ya 15 ni Sikukuu ya Taa, watoto wanapotoka usiku na kandili za karatasi, nyingine zenye umbo la sungura na magurudumu manne, zikivutwa kwa kamba.

Kuhusu fataki nina neno. Wapo wanaosema sikukuu imekufa tangu zipigwe marufuku mijini. Beijing ilizikataza mwaka 1993, ikalegeza mwaka 2005, ikakaza tena katikati ya mji mwaka 2018 na mji mzima kuanzia 2022, na kila hatua ilizua malalamiko. Naelewa huzuni ya watu wazima ambao utoto wao wote una harufu ya baruti. Lakini tulipoalikwa kijijini, ambako bado zinalipuliwa, mwanangu mdogo aliziba masikio na kulia hadi akatapika, na hakuwa mtoto peke yake katika ua ule kufanya hivyo. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji mlipuko ili ajue kwamba leo ni leo. Anajua tangu juzi, alipopewa kazi.

Watakaonipinga watasema ninatukuza jiko, na jiko lina wenyewe: wanawake. Hili ni kweli na linaumiza. Katika nyumba nilizoziona, kazi za wiki nzima ziliangukia bibi na mama, wakati wanaume wengi walikaa na chai na karata hadi wakati wa kusukuma unga, ambapo baadhi yao walionyesha ustadi mkubwa kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo siwalaumu wanaonunua jiaozi zilizogandishwa dukani. Lakini angalia ilivyo: mahali ambapo baba alikaa mezani na watoto, kazi ilikwenda haraka, na watoto wa kiume walijifunza kwamba unga ni wao pia. Kumpa mtoto kazi ni njia mojawapo ya kuanza kuigawa kazi hiyo upya.

Lipo pia suala la simu. Tangu mwaka 2014, WeChat ilipoleta bahasha nyekundu za kutumiana mtandaoni, fedha nyingi za sikukuu hupita hewani. Kwa ndugu walio mbali ni nafuu kubwa. Kwa mtoto mdogo ni hasara tupu, kwa sababu hakuna cha kupokea kwa mikono miwili, hakuna cha kuweka chini ya mto, hakuna uso wa kuutazama. Ningeomba kila mzazi, hata aliyemtumia mtoto fedha kwa simu, amtafutie bahasha ya karatasi.

Lakini kuna watoto ambao kwao yote haya ni ya pili. Ya kwanza ni kama mama na baba watakuja. Mwaka 2016 serikali ya China ilihesabu watoto wa vijijini zaidi ya milioni 9 ambao wazazi wao wamekwenda kutafuta kazi mijini, walio wengi wakilelewa na babu na bibi. Kwa watoto hawa mwaka mpya ndiyo wakati pekee wa uhakika wa kuwaona wazazi. Ule msafara mkubwa wa sikukuu, siku 40 za treni, mabasi na magari ambao kila mwaka huitwa uhamaji mkubwa kuliko wote wa binadamu, ukiutazama karibu utaona ni mamilioni ya watu wazima waliobeba mabegi ya plastiki na zawadi, wakimkimbilia mtoto mmoja au wawili. Wengine wakifika, mtoto hujificha nyuma ya bibi. Hamjui mama yake.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya kazi ndogo kwa upande mwingine. Mfanyakazi wa usafi wa jengo letu, mama kutoka mkoa wa Henan, aliniambia kwamba kila mwaka binti yake humgomea siku ya kwanza nzima. Hamlazimishi kumkumbatia. Hungoja mkesha, kisha humwekea vipande vya unga mbele yake bila kusema kitu. Wanafanya kazi bega kwa bega, mikono inagusana, na kufikia sufuria ya pili mtoto anakuwa ameshaanza kumsimulia mambo ya shule. Tunao watoto kama hao kwetu, wanaolelewa na bibi Kondoa au Kwale wakati mama yuko Muscat akilea watoto wa wengine, na nikimsikiliza mama yule nilikuwa nikiwafikiria hao.

Historia nayo iko upande wa jiko. China ilipohamia kalenda ya Magharibi mwaka 1912, na katika miaka iliyofuata, watawala walijaribu zaidi ya mara moja kuusukuma mwaka mpya wa jadi kando. Mwaka 1967, katika Mapinduzi ya Utamaduni, likizo yake ilifutwa kabisa, na ilichukua zaidi ya miaka kumi kurudi. Maonyesho ya hadharani yaliweza kuzuiwa, na mahekalu kufungwa. Lakini watu walirudi kutoka kazini jioni, wakafunga mlango, wakakanda unga waliokuwa nao. Wazee wa jengo letu waliokuwa watoto wakati huo hawakumbuki simba wala dragoni. Wanakumbuka walikuwa wanabonyeza vipande vya unga.

Kwa hiyo ukiwa na rafiki Mchina, huko China au Dar es Salaam au Nairobi, na unataka watoto wako waijue sikukuu yao, usimuulize maonyesho yako wapi. Muulize kama unaweza kufika mapema na watoto, kabla chakula hakijaanza. Na kama mwaka mpya umeshapita, usingoje mwaka mzima, kwa sababu kazi za watoto zimetapakaa katika sikukuu zao nyingi. Katika Sikukuu ya Duanwu, tarehe 5 ya mwezi wa tano, watu hushindana kwa mashua za dragoni na kula mchele wa kunata uliofungwa kwa majani kumkumbuka mshairi Qu Yuan, aliyejitosa katika mto Miluo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Watoto hufungwa nyuzi za rangi tano kwenye kifundo cha mkono, na mvua ya kwanza inayofuata ikinyesha huzikata na kuziacha ziende na maji. Binti yangu alilitazama wingu kwa siku nyingi kuliko mkulima. Katika Sikukuu ya Mbalamwezi, tarehe 15 ya mwezi wa nane, hubonyeza unga kwenye kibao cha nakshi na kutoa keki, kisha hutoka nje kumtafuta sungura wa jadi katika madoa ya mwezi.

Idi yetu ya mwisho Tianjin, mjukuu wa Nainai, mvulana wa miaka saba, aligonga mlango wetu saa tatu kamili kabla ya wageni wengine wote. Bibi yake alikuwa amemtuma na ujumbe, naye aliutoa akiwa amesimama wima kama anayesoma darasani: amekuja kufanya kazi. Nilimpa manda za sambusa na uji wa unga wa kugandishia kingo, nikamwonyesha jinsi ya kukunja pembe. Ya kwanza ilipasuka. Binti yangu aliichukua, akaitumbukiza kwenye mafuta pamoja na nyingine, akamwambia kwa Kichina kwamba hiyo ataila yeye.